Mashine Isiyo na Moja

l4 Januari

Kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

YAH: KUOMBA KIBODI YENYE SAUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla sijaingia kwenye jambo lenyewe, ujue kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye akipiga chafya, ofisi nzima ya wilaya inamwitikia afya. Si maneno yangu, ni ya karani mkuu, tena aliyasema mbele za watu. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kibaraza cha ofisi hiyo na mashine yangu ya taipu, na hakuna shamba lililouzwa, ndoa iliyovunjwa wala marehemu aliyerithiwa bila kupita chini ya vidole vyangu. Hakimu mmoja alisoma ombi la mjane nililoliandika mimi, akalia mpaka kesi ikaahirishwa. Watu wanasema alimlilia mjane. Mimi najua alizililia koma zangu, jinsi zilivyopangwa.

Sisi hatujambo. Jikoni tumeezeka bati jipya na paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la karatasi, kwa hiyo naandika huku nikitazamwa na mashahidi wanne.

Mama yako anakusalimu sana. Ana habari kubwa: amepata mtoto. Usidondoke kitini! Mtoto wa jicho, tena mapacha, mmoja kila upande. Jicho la kulia linajua mchana na usiku tu. La kushoto linaona watu kama nguo zilizoanikwa. Juzi alilikaribisha koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za huko litokako. Ikabidi mimi nijibu kwa niaba ya koti.

Lakini dawa ipo. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mkoa mwezi wa sita, wiki moja tu, na wanapasua bure. Majina yanapelekwa kwa kompyuta, mwisho tarehe 3l Machi. Asiye kwenye orodha atarudi alivyokwenda. Sasa hapo ndipo ukoo ulipobahatika kuwa na mimi.

Ofisi haipokei tena karatasi ya taipu. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili ameniazima kompyuta yake ya zamani. Ni mashine nzuri, ila kibodi yake laini, kama unabonyeza godoro. Haitoi mlio. Na mteja asiposikia mlio hujamfanyia kazi, umempapasia tu. Nimesikia zipo kibodi zenye chuma ndani zinazogonga kama mashine ya kweli. Wewe uko kwenye mji wa vitu. Nitafutie.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Maneno ya simu hayana nakala.

Mjomba wako,
Bwana Chapa
Nakala: Jalada


6 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako imechukua wiki tatu. Nimeisoma nimesimama, ghalani, kati ya mikanda ya kupitishia vifurushi, na msimamizi akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia mjomba wangu ameandika YAH. Huku sijambo. Miguu inavimba mwisho wa zamu, lakini mwenzangu wa chumbani amenifundisha kulala nimeiweka juu ya ukuta. Likizo hawatoi mpaka mkataba uishe mwezi wa kumi na mbili. Nimeomba mara mbili. Kwa hiyo mjomba, macho ya mama yapo mikononi mwako, mimi siwezi kuja.

Nimeipata kibodi yako. Muuzaji aliniuliza:

"Swichi gani, dada? Nyekundu, kahawia au bluu?"

"Tofauti yake nini?"

"Nyekundu ni ya wapole. Kahawia ya watu wa ofisini. Bluu ni ya mtu asiyetaka marafiki."

"Nipe bluu. Ni ya mjomba wangu."

Akabonyeza kitufe kimoja na duka zima likageuka. Kila kitufe kina springi yake na kidude kidogo kinachogonga. Nimeituma leo, nimeifunga ndani ya blanketi la mama.

Sharti langu ni moja. Kazi ya kwanza kwenye kibodi hiyo iwe fomu ya mama, kabla hujamwandikia mtu yeyote mwingine. Namba ya kitambulisho chake ni hii: 4110 0171 01. Nimeihakiki mara tatu. Ukishaituma niandikie wamejibu nini.

Mpwa wako


ll Machi

Kwa mpwa wangu,

YAH: KUPOKELEWA KWA KIBODI NA MATOKEO YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Imefika! Nilipoifungua kibarazani watu walisimama kama wanaangalia ajali. Ina uzito, ukimpiga nayo mtu una kesi ya kujibu. Nilipoanza kupiga, mama mmoja ng'ambo ya barabara alianua nguo akidhani ni mvua ya mawe. Karani mkuu alitoka nje, miwani ikiwa kwenye paji la uso, akasema, "Bwana Chapa, umeajiri watu wangapi?" Nikamwambia, "Kumi, na wote ni vidole."

Ina vitufe lO4. Mashine yangu ilikuwa na 44 na tukaendesha nayo wilaya. Hivi vya ziada ni kama wageni wasioalikwa harusini, nimewaacha wakae, siwagusi.

Mama yako hajambo. Blanketi amelinusa, anasema lina harufu yako. Ananiagiza nikuambie usimwonee huruma, anajua nyumba nzima kwa miguu.

Sasa jambo lenyewe. Fomu ya dada yangu ndiyo ya kwanza, kama ulivyoagiza. Jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, namba 4llO Ol7l Ol, yote nimepiga bila kutazama vidole. Binti wa steshenari alinipa mtandao wa simu yake, akarudi kwa wateja wake. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha kutuma. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikanijibu kwa maandishi mekundu, mstari mmoja mfupi, wa heshima kabisa, chini ya namba yake. Mimi nimepigiwa mihuri miaka ishirini na sita. Nyekundu naijua.

Habari imeenea. Mpaka jana nimewaandikia watu sitini na watatu, wenye macho mabovu wa kata nzima. Seremala na mkewe, mfua vyuma, mpiga picha wa stendi (fikiria, mpiga picha!), wote wamepita kwangu, na wote wamepata wekundu wao. Mwezi wa sita kata hii itaona mpaka dhambi zake.

Mjomba wako,
Bwana Chapa
Nakala: Jalada


4 Aprili

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kwamba imefika. Nilizungumza na mama Jumapili. Nilisikia sauti nyuma yake nikamwuliza, "Mama, mnaezeka tena?" Akacheka. "Ni mjomba wako, anaifanyia mazoezi hata wakati wa kula. Mwache, nikisikia ule mlio najua kuna mtu ananishughulikia."

Mjomba, hayo maandishi mekundu yalisema nini? Naomba uninukulie neno kwa neno. Huku kwetu kompyuta ya mizani ikiandika nyekundu, kifurushi kinarudi. Najua tarehe imepita na barua hii itachelewa, lakini nimeshindwa kulala vizuri. Nimekupigia simu mara nne hukupokea.

Mwonyeshe binti wa steshenari. Au mwalimu. Mtu yeyote anayesoma lugha ya kompyuta.

Mpwa wako


2O Mei

Kwa mpwa wangu,

YAH: MASWALI YAKO KADHA WA KADHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya majukumu. Mtu akiwa nguzo, kila mmoja anataka kumwegemea. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka makao makuu, mwenye suti. Alisimama nyuma yangu dakika nzima akinitazama, nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye?" Wakaondoka bila neno. Mwenye akili ajiulize walikuja kufanya nini.

Paka wa jirani amehamisha watoto. Bati la jikoni linavuja pale pale lilipovuja la zamani, kwa hiyo tatizo si bati, ni mvua. Wateja wamepungua kidogo kwa sababu ya mvua hiyo hiyo.

Umeuliza habari ya maandishi mekundu. Nyekundu ni rangi, mpwa wangu. Tusonge mbele.

Tarehe lO Juni tunaondoka na mama yako alfajiri. Nimeshamwambia asibebe kitu ila nguo ya kubadili, maana atarudi akiona mwenyewe anachokihitaji. Amefua lile gauni la kijani. Aliniuliza, "Bado ni la kijani?" Nikamwambia ni la kijani kuliko zamani. Anataka uso wa kwanza atakaouona uwe picha yako, kwa hiyo tunakwenda nayo.

Mjomba wako,
Bwana Chapa
Nakala: Jalada


11 Juni

Mjomba,

Samahani naanza bila salamu. Jana fundi wa kompyuta wa hapa ghalani alinifungulia ule ukurasa. Ukiweka namba ya mama inakuonyesha kama yupo kwenye orodha. Hayupo.

Nikachukua barua yako ya Machi. Nikamwomba aandike namba ya mama herufi kwa herufi kama ulivyoipiga wewe. Akatazama karatasi, akatazama tena, akasema, "Dada, hii si namba. Hizi ni herufi." Mjomba, moja zako zote ni l, ile inayoanzia "lala". Sifuri zako ni O, ile ya "Oktoba". Tulipoituma hivyo yakatoka maandishi mekundu, mstari mmoja, kama ulivyosema. Fundi akanitafsiria: Namba si sahihi, ingiza tarakimu tupu.

Nimetoa barua zako zote sandukuni. Hata tarehe zako ni hivyo hivyo. Miaka yote nimezisoma sikuona. Jicho linasoma linachokitaka.

Kwa kompyuta hukutuma kitu mjomba. Wala wale wengine sitini na wawili.

Najua mmeshaondoka, barua hii haitawawahi. Nilikupigia mpaka asubuhi, simu yako haipatikani, ya mama inaita tu. Sijui nimwombe nani.

Mpwa wako


28 Juni

Kwa mpwa wangu,

YAH: SAFARI YA HOSPITALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua kutoka kwako haijafika karibuni, natumaini u mzima. Simu yangu ilizama ndoo ya maji na ya mama yako tuliisahau chini ya mto wa kulalia.

Kompyuta za mkoa ni mbovu, nianze na hilo.

Tulifika mapema, nikamweka mama yako kwenye kiti cha mbele kabisa. Getini alikaa muuguzi na karatasi zake. Nikamtajia jina. Akashuka na kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Hayupo, mzee."

"Tazama vizuri, binti yangu. Nimeliandika mwenyewe. Nina nakala."

"Nakala ya nini? Orodha ndiyo hii."

Nikasema naomba kuonana na mkubwa wake. Nikasema mimi ni mtu wa ofisi ya wilaya. Nilisema mengi. Nilipogeuka, nyuma yangu wamesimama watu wa kata yetu, wengine wameshikwa mikono na wajukuu, na wote walikuwa wameshaambiwa neno lile lile. Seremala akasogea, akanitafuta uso kwa kiganja mpaka akaupata.

"Bwana Chapa, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Langu halipo. La mke wangu halipo. Siku zote zile ulikuwa unamwandikia nani?"

Mtu akajibu kutoka nyuma, "Alikuwa anapiga ngoma!" Wakacheka, mpwa wangu. Watu wasioona walinicheka bila kujua wapo wangapi.

Mama yako hakucheka. Alisema, "Ndugu yangu, nihamishe, kiti hiki kina jua." Basi.

Siku ya mwisho yule muuguzi alituonea huruma, akamwita daktari kwenye korido. Alimmulika kwa tochi, hazikufika dakika tatu. Jicho la kulia limekwisha, presha ya jicho imeliua kwa ndani, hata wangempasua sasa lisingerudi. La kushoto linawezekana, lakini lisipite mwaka. Nikamwuliza mwaka kuanzia lini. Akazima tochi.

Picha yako tumerudi nayo. Njiani alikuwa ameishika kifudifudi, nikamgeuzia.

Mjomba wako,
Bwana Chapa
Nakala: Jalada


15 Agosti

Shikamoo mjomba,

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu ya Juni najua umeipata, mama ameniambia ulikaa nayo mlangoni mpaka jua likazama, kisha ukamwambia ni salamu tu.

Sikumwambia kitu. Nilitaka umwambie wewe.

Jumapili hii nilimpigia, na nyuma yake mlio ule ule. Anasema kila alasiri unakaa karibu yake na kumwandikia ombi jipya, na kwamba safari hii litafika. Alikuwa na furaha, mjomba. Akaniuliza kama mkataba wangu ukiisha nitakuja na nguo ya rangi gani, ili anitambue kwa mbali.

Je, wamefungua orodha nyingine? Nijibu hilo tu. Usiniandikie habari za mahakimu.

Mpwa wako


10 Oktoba

Mpwa wangu,

Utaona ni kalamu. Mwandiko wangu hukuwahi kuujua, hata mimi nilikuwa nimeusahau. Hiyo tarehe juu nimeiandika polepole, itazame, moja ni moja na sifuri ni sifuri.

Sisi tupo. Paa linavuja. Mama yako anakusalimu. Jicho la kushoto sasa linaona dirisha, haliwaoni watu. Kile kikombe chake cha samawati anakiona kikiwa tupu, kikiwa na chai hakioni, sijui kwa nini.

Nilijifunza taipu nina miaka kumi na tisa, kwa mzee mmoja mwenye fimbo. Mashine zile hazikuwa na kitufe cha moja. Alitugonga vidole akisema, moja ni l, sifuri ni O, usiulize. Sikuuliza. Ndilo jambo pekee nililofundishwa mpaka mwisho, na nililishika. Ilipofika kibodi yako kitufe cha moja nilikiona, kipo juu kushoto. Nikadhani wamekiweka kwa ajili ya watu wasiojua kazi.

Na ule wekundu. Sikuudhani muhuri, au niliudhani siku ya kwanza tu. Watu walipokuwa ishirini nilishaanza kuutilia shaka. Binti wa steshenari alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Ningemwita tu. Lakini kibaraza kilikuwa kimejaa, kila mtu ananisikiliza ninavyopiga, na mimi sijawahi kumwuliza mtu maana ya karatasi, mimi ndiye ninayeulizwa.

Orodha hawajafungua. Kuna tangazo kwenye mlango wa ofisi tangu Julai, madaktari wale hawarudi huku, wamepelekwa kwingine. Nimelisoma mara nyingi, halina nyekundu yoyote.

Kibarazani sipo tena. Karani mkuu aliniambia, "Bwana Chapa, tupishe kidogo, tunapaka rangi." Wamemaliza kupaka. Meza yangu ipo nyuma, karibu na choo, mtu ameanikia mahindi juu yake. Sitini na wawili wale wananipita njiani na mimi nanyamaza, kwa hiyo hawajui kama ni mimi. Seremala peke yake hunijua kwa kikohozi. Anasema, "Habari, mpiga ngoma," na mimi namjibu njema.

Sasa ulichouliza. Mama yako tulipotoka hospitali hakusema neno siku tisa. Siku ya kumi aliniuliza, "Mbona husikiki?" Nikaitoa kibodi, nikaiweka mezani, nikapiga mstari mmoja. Akaegemea, akapumua. Tangu hapo kila alasiri ananitajia jina lake kamili na la baba yetu, wasije wakamchanganya na mwingine. Namba yake anaijua kwa moyo, ananisomea, nne moja moja sifuri, na mimi naipiga. Safari hii naipiga sawasawa, kila moja mahali pake, sijakosea hata siku moja. Anauliza, "Imekwenda?" Namwambia imekwenda.

Ukija mwezi wa kumi na mbili hutaona kompyuta. Wanawe mwalimu waliichukua tangu Julai, ilikuwa ya kuazima. Nilitaka uyajue hayo kabla hujaingia, usije ukauliza kwa sauti.

Juzi alinyoosha mkono mezani, akaupata waya wa kibodi, akaanza kuufuata kwa vidole. Nikamwambia ngoja dada, nikuletee chai. Alipokunywa, niliinama nikaufunga kwenye mguu wa meza, mafundo mawili, ili akiuvuta ushike.

Mjomba wako

Barua hii haina nakala.